Simu Imepotea au Imeibwa: Jinsi ya Kuitafuta na Kuifunga Ukiwa Mbali

Wengi wanaopoteza simu wanajua kwamba inaweza kuonekana kwenye ramani. Wanachokosea ni mpangilio. Simu ikishachomolewa mfukoni, mtu anakimbilia kuzima laini, na papo hapo anakata intaneti ambayo ingemwonyesha simu ilipo. Mwingine anaifuta kwa hasira, halafu anashangaa mbona haionekani tena. Mwingine nenosiri analo, tena sahihi kabisa, ila namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu ileile iliyoibwa.

Mpangilio wenyewe ni huu: funga simu, soma ramani, linda pesa, zima laini, badilisha manenosiri, toa taarifa, na kufuta kuwe mwisho kabisa. Kama simu yako imepotea dakika hii, ruka hadi Hatua ya 2. Mengine utayasoma ukishaifunga.

## Unachohitaji

- Kifaa kingine chenye intaneti: simu ya ndugu, tableti au kompyuta.
- Anwani ya barua pepe na nenosiri la akaunti iliyomo kwenye simu. Android inatumia akaunti ya Google, iPhone akaunti ya Apple. Simu za Samsung zina pia akaunti ya Samsung, kama uliifungua.
- Njia ya pili ya kuthibitisha kwamba ni wewe: namba za akiba (zile za kuingilia ambazo Google hukupa mapema uzihifadhi), namba ya mtu wa familia, au kifaa kingine ambacho akaunti yako tayari iko wazi.
- Namba ya siri ya kufungulia skrini ya simu iliyopotea. Find Hub, huduma ya Google ya kutafuta simu za Android, inaweza kukuuliza.
- Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Iko kwenye boksi la simu na mara nyingi kwenye risiti. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, chukua zote.
- Namba za huduma kwa wateja za kampuni yako ya simu na benki yako.
- Karatasi na kalamu. Andika saa ya kila unachokifanya, maana benki na polisi watakuuliza.

Simu nayo ina masharti yake. Ili ionekane vizuri inatakiwa iwe imewaka, ina intaneti, akaunti haijatolewa, na huduma ya mahali pamoja na ile ya kutafuta kifaa zimewashwa. Sharti moja likikosekana usikate tamaa; kuna njia za kando, tutazifikia.

## Hatua ya 1: Ipigie mara moja, usikilize

Ikiita hadi mwisho bila kupokelewa, huenda bado iko chini ya kochi au kwenye kiti cha gari. Ikiita kidogo ikakatwa, kisha ukipiga tena haipatikani, chukulia imeibwa.

Usipige mfululizo. Kila mwito unamaliza chaji, na kama simu iko mkononi mwa kibaka unamkumbusha kuizima. Akipokea mtu mwungwana, panga naye mkutane mahali penye watu.

## Hatua ya 2: Ingia kwenye akaunti yako

Fungua kivinjari kwenye kifaa ulichoazima, utumie dirisha la faragha ili nenosiri lako lisibaki kwa mwenye kifaa. Kisha andika:

- Android: android.com/find. Huduma hii siku hizi inaitwa Find Hub; kabla ya 2025 iliitwa Find My Device.
- iPhone: icloud.com/find.
- Samsung: smartthingsfind.samsung.com, kwa akaunti ya Samsung.

Kama rafiki ana iPhone, anaweza kufungua Find My, programu ya Apple ya kutafuta vifaa, akaenda sehemu ya Me na kuchagua kumsaidia rafiki. Kwenye Android, programu ya Find Hub inakuruhusu kuingia kama mgeni bila kugusa akaunti ya mwenye simu.

Mtego wa namba ya uthibitisho. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Apple wamelitazama hili: ukurasa wa kutafuta vifaa kwenye iCloud unafunguka kwa nenosiri tu, bila namba ya uthibitisho, kwa sababu wanajua kifaa cha kuipokelea ndicho kilichopotea. Google wanaweza kukudai uthibitisho. Ukikwama, jaribu kwa mfuatano huu:

1. Tumia namba za akiba za Google. Zinatolewa 10 kwa pamoja, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu.
2. Mpigie aliye nyumbani afungue kompyuta au tableti ambayo tayari ina akaunti yako. Mara nyingi hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote.
3. Nenda android.com/lock. Unaandika namba yako ya simu tu, bila nenosiri, na simu inajifunga. Inafanya kazi kwenye Android 10 na kuendelea, mradi uliiwasha kabla. Haikuonyeshi simu ilipo, lakini inamfungia mwizi mlango huku ukihangaika na akaunti.

Umefanikiwa ukiona jina la simu yako, na chini yake muda ilipoonekana mara ya mwisho.

## Hatua ya 3: Funga kabla ya kufanya lingine lolote

Usianze kukodolea macho ramani. Find Hub ikianza kutafuta simu, simu yenyewe inaweza kuonyesha taarifa kwamba inatafutwa. Aliyeishika akiiona taarifa hiyo simu ikiwa bado haijafungwa, anajua la kufanya.

Kwenye Android, chagua kitufe cha kulinda kifaa. Simu itajifunga kwa namba ya siri iliyokuwepo. Kama haikuwa nayo, utaweka mpya hapo hapo.

Kwenye iPhone, chagua hali ya kupotea, ile inayoitwa Lost Mode. Inafunga simu, inasimamisha kadi za benki zilizomo kwenye Apple Pay, na kuwasha huduma ya mahali hata kama ilikuwa imezimwa. Kufuli la kuzuia simu isiwashwe upya na mtu mwingine, yaani Activation Lock, linakuwepo tayari pale ambapo Find My iliwashwa.

Zote mbili zitakuomba ujumbe wa kuonyesha kwenye skrini na namba ya kupigiwa. Ujumbe mfupi unatosha: «Simu hii imepotea. Tafadhali piga namba iliyo hapa chini.» Usiandike jina lako kamili wala unapoishi. Na tafadhali, usiweke namba ya laini iliyomo ndani ya simu hiyohiyo. Wapo wanaofanya hivyo, kisha wanakaa wakisubiri kupigiwa.

Simu ikiwa haina mtandao, amri haipotei. Inasubiri, na itatekelezwa pindi simu itakaposhika intaneti. Kwa hiyo ifunge hata kama ramani iko tupu.

Umefanikiwa ukiona uthibitisho kwamba simu imefungwa. Ukiambiwa amri inasubiri, andika saa uliyoituma na uendelee.

## Hatua ya 4: Soma ramani inavyotakiwa

Kuna vitu viwili vya kutazama, na vyote ni vidogo kwenye skrini.

Cha kwanza ni muda. «Sasa hivi» na «saa 3 zilizopita» vinaweza kuwa na nukta ileile kwenye ramani. Kama ni saa 3 zilizopita, unatazama mahali simu ilipokatikia mtandao, na huenda iko mbali sana na hapo.

Cha pili ni duara linaloizunguka nukta. Simu inaweza kuwa popote ndani ya duara hilo. Ikiwa nje mahali peupe na inapata setilaiti, duara hubana hadi mita chache. Ikiwa ndani ya jengo na inategemea Wi-Fi au minara ya simu, duara linaweza kumeza nyumba kadhaa. Ramani haikuambii ni ghorofa ya ngapi wala mlango upi. Watu wamegombana na majirani wasio na hatia kwa sababu ya nukta iliyoangukia kwenye paa la nyumba yao.

Piga picha ya skrini kila nukta inapohama, saa ikionekana. Huo ndio ushahidi wako.

Kitufe cha mlio kina wakati wake. Kwenye Android mlio unapigwa kwa dakika 5 kwa sauti ya juu kabisa, hata simu ikiwa imewekwa kimya. Kama ramani inaonyesha iko nyumbani au ofisini kwako, ipigishe. Kama iko njiani inatembea, achana nao. Unampa mwizi sababu ya kuizima.

Ikiwa simu imezimwa au haina intaneti. Simu nyingi bado zina nafasi, kwa sababu zinatoa ishara ya Bluetooth inayodakwa na simu nyingine zinazopita karibu, na hizo ndizo zinazopeleka taarifa ya mahali bila wenyewe kujua. iPhone 11 na nyingi za baada yake huendelea kutoa ishara hiyo kwa muda hata zikizimwa. Upande wa Android, mtandao huo wa kutafutana upo kwa simu za Android 9 na kuendelea, lakini nyingi zinahitaji ziwe zimewaka; Pixel 8 ya Google na nyingi zilizofuata ni miongoni mwa chache zinazoonekana hata chaji ikiisha. Ndiyo maana usichungulie mara moja tu na kuacha. Rudi jioni, rudi asubuhi.

Kama uliwahi kumshirikisha mtu wa familia mahali ulipo kupitia Google Maps au Find My, mwombe naye aangalie upande wake.

Onyo: usiifuate simu peke yako. Hata nukta ikiwa imetulia na duara ni dogo, nenda na polisi au usiende. Simu inanunulika.

## Hatua ya 5: Pesa kwanza, laini baadaye kidogo

Hii ndiyo hatua inayobishaniwa zaidi. Wapo wanaosema zima laini mara moja. Wana hoja: aliyeishika laini yako anaweza kuihamishia kwenye simu nyingine, akapokea ujumbe wa uthibitisho wa benki na wa barua pepe bila hata kuifungua simu yako. Lakini ukizima laini, simu iliyokuwa ikitumia data ya laini hiyo inapotea kwenye ramani.

Uamuzi wangu ni huu. Piga simu huduma kwa wateja, ya benki na ya akaunti yako ya pesa za simu, uombe wasimamishe miamala bila kuzima laini. Wakikubali, umepata muda wa kuendelea kuangalia ramani. Wakikwambia haiwezekani mpaka laini izimwe, zima. Pesa ikishatoka kuirudisha ni kazi kubwa kuliko kununua simu.

Zima laini bila kusubiri kama:

- simu ilinyakuliwa ikiwa wazi mkononi mwako na bado hujafanikiwa kuifunga;
- haina namba ya siri kwenye skrini;
- umeona muamala usioujua;
- ramani haijasogea kwa saa kadhaa na laini haina namba yake ya siri. Hapo laini haikusaidii kitu tena, inamsaidia yeye.

Kama laini yako ilikuwa na namba yake ya siri, ile inayoulizwa simu ikiwashwa, uko mahali pazuri zaidi: mwizi akiihamisha ataulizwa, na akikosea mara 3 itajifunga hadi apate namba ya PUK, ile ya kuifungulia laini iliyojifunga. Laini ya eSIM, iliyojengwa ndani ya simu bila kadi, nayo haichomoki.

Ukizima, omba papo hapo kurudishiwa namba yako kwenye laini mpya. Bila namba hiyo, hatua inayofuata inakuwa ngumu.

Umefanikiwa ukiona laini mpya imeshika mtandao na ile ya zamani haipatikani.

## Hatua ya 6: Badilisha manenosiri, ila usiitoe simu kwenye akaunti

Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo ufunguo wa nyingine zote: mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nenosiri jipya la karibu kila kitu. Halafu benki, halafu mitandao ya kijamii.

WhatsApp inahama na namba. Ukiiwasha kwenye simu nyingine kwa laini mpya, ile ya zamani inatolewa yenyewe, kwa sababu namba moja haikai kwenye simu kuu mbili. Ifanye mapema, maana matapeli wanapenda kuitumia kuwaomba ndugu zako pesa. Na kama laini mpya itachelewa, watumie ndugu wa karibu taarifa kwa njia nyingine, wasitume chochote.

Jihadhari na kitufe kimoja. Kwenye orodha ya vifaa vya Google au Apple kuna chaguo la kuiondoa simu kwenye akaunti. Jina lake linavutia, unaona kama unamfukuza mwizi. Kwenye Google, ukishaitoa simu kwenye akaunti, Find Hub inakosa pa kushikia. Kwenye iPhone ni kibaya zaidi: kinaondoa Activation Lock, na mwizi anabaki na simu safi ya kuuza. Usikiguse.

## Hatua ya 7: Toa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu

Nenda na IMEI, risiti au boksi, na zile picha za ramani. Kama boksi limetupwa, IMEI ya Android inaweza kuonekana ndani ya Find Hub kwenye maelezo ya kifaa, na ya iPhone kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako ya Apple. Namba ya taarifa utakayopewa ndiyo utakayoombwa na benki na kampuni ya bima, kama simu ina bima.

Iombe pia kampuni ya simu izuie IMEI pale huduma hiyo ipo. Kuzuia IMEI hakukuonyeshi simu ilipo. Kunaizuia tu isitumie mitandao inayofuata orodha hiyo. Na wale wanaotangaza kwamba ukiwapa IMEI na malipo kidogo watakuonyesha simu ilipo, wanatafuta wateja waliochanganyikiwa. Kutafuta simu kupitia minara ni kazi ya makampuni ya simu na vyombo vya dola.

## Hatua ya 8: Subiri ujumbe wa mwizi

Kama ni iPhone, kuna uwezekano mkubwa utaupata. Namba uliyoiandika kwenye skrini naye anaiona. Siku kadhaa baadaye, ukiwa umeanza kukata tamaa, unaingia ujumbe mfupi wenye adabu zote:

«Mteja mpendwa, iPhone yako imeonekana leo saa 8:14 mchana. Bonyeza hapa kuona mahali ilipo.»

Kiungo kinafungua ukurasa unaofanana na wa Apple, rangi kwa rangi. Soma anwani yake herufi kwa herufi. Neno apple litakuwemo, lakini linafuatwa na kistari na maneno mengine, au icloud imeandikwa kwa herufi moja iliyobadilishwa. Ukiandika nenosiri lako pale, mwizi ataingia kwenye akaunti yako, ataiondoa simu, na kufuli limekwisha.

Wengine hawatumii kiungo. Wanapiga na kujitambulisha kuwa ni fundi aliyeuziwa simu, au wanatishia kusambaza picha zako usipoiondoa simu kwenye akaunti. Simu iliyofungwa kwa namba nzuri ya siri haifunguki kirahisi hivyo. Wangekuwa wamezipata, wasingehangaika kukubembeleza. Usijibu. Piga picha ya skrini, ongeza kwenye taarifa ya polisi, kisha uifunge namba hiyo.

Kanuni ya kushika hapa: mahali simu ilipo utapaona kwa kuandika anwani ya Hatua ya 2 kwa mkono wako mwenyewe. Find Hub ikikuuliza namba ya kufungulia skrini ukiwa ndani yake, ni kawaida. Ujumbe wowote ukikuuliza namba hiyo, ni wizi.

## Hatua ya 9: Kufuta, ukishaamini hairudi

Futa pale ambapo siku zimepita bila dalili, au simu ina mambo ambayo huwezi kuvumilia yakionwa na mtu. Kwenye Android, ukishafuta, Find Hub haitaiona tena. Kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa nayo inaweza isifutwe. Kwenye iPhone yenye iOS 15 au zaidi, inaweza kuendelea kuonekana hata baada ya kufutwa, mradi hujaiondoa kwenye akaunti. Kama haina mtandao, itafutika siku itakapoupata.

## Kwa simu uliyonayo mkononi sasa

Hii ni kazi ya dakika chache, na mengi ya hapo juu yanaitegemea.

Android: fungua mipangilio, sehemu ya Google, kisha usalama binafsi na wa kifaa. Washa kinga dhidi ya wizi: kufuli linalojifunga simu inaponyakuliwa, kufuli la simu isiyo na mtandao, na kufuli la mbali la android.com/lock. Ndani ya Find Hub, ruhusu kutafutwa bila intaneti katika maeneo yote. Chaguo la kawaida linategemea sehemu zenye watu wengi tu.

iPhone: ndani ya Find My washa mtandao wa kutafutana na ile ya kutuma mahali pa mwisho chaji inapokaribia kuisha. Washa Stolen Device Protection, iliyokuja na iOS 17.3 mwaka 2024. Ukiwa mbali na sehemu ulizozizoea, inamchelewesha mtu saa 1 kabla ya kubadilisha nenosiri la Apple, hata kama anaijua namba ya skrini. Zuia pia Control Center, ile paneli ya vitufe vya haraka, isifunguke simu ikiwa imefungwa, ili mtu asikate mtandao kwa kidole kimoja.

Zote: weka namba ya siri kwenye laini, nakili IMEI kwa kubonyeza *#06#, na uchapishe namba za akiba za Google. Usizihifadhi kwenye simu hiyohiyo.

Kisha jaribu. Iache simu chumba kingine, azima kifaa cha mtu, uingie bila msaada wa simu yako na uipigishe mlio. Ukikwama kwenye namba ya uthibitisho, umegundua tatizo simu ikiwa bado ni yako.